Mjukuu wangu anasema kubeti alijifunza kwangu

SWALI

Mwanangu Mshauri,

Nakusalimu. Mimi ni mzee wa miaka 77, naishi Majengo, Mombasa. Barua hii amenichapia kijana wa jirani, maana macho yangu yamechoka, na ameniahidi hataipeleka kwa mtu. Nina jambo linaninyima usingizi.

Ujanani nilikuwa baharia. Mwaka 1969 nilishuka Liverpool na sikupanda meli tena. Nikapata kazi kwenye ghala moja karibu na gati, nikapanga chumba Toxteth, mtaa wenye Wasomali, Wayemeni na watu wa Afrika Magharibi, wengi wao mabaharia kama mimi. Nilirudi nyumbani jumla mwaka 1985. Kuanzia 1971, mwaka ule Waingereza walipobadilisha hesabu ya pesa zao, hadi siku ninafunga sanduku langu, miaka 14, nilicheza pools.

Vijana wa leo hawaijui pools. Ilikuwa kuponi ya karatasi yenye orodha ndefu ya mechi za Uingereza na Uskoti. Unachagua mechi 8 ambazo unaona zitakwisha sare. Sare ya mabao ilikuwa pointi 3, sare tasa 2, mgeni akishinda moja na nusu, mwenyeji akishinda 1. Ukipata sare 8 za mabao una pointi 24, na hakuna wa kukupita. Mimi nilikuwa nikitia alama mechi 11 na kuandika "8 zozote kati ya 11", yaani mistari 165, kila mstari mchanganyiko mmoja wa mechi 8. Alhamisi jioni alipita mama mmoja wa mtaa uleule, mkusanyaji, na mkoba wake begani. Anagonga, unampa kuponi na pesa, anakuuliza kama umepata barua kutoka nyumbani, anaenda mlango wa pili. Umemaliza mpaka Jumamosi.

Na hiyo Jumamosi, mwanangu! Mechi karibu zote zilianza saa tisa alasiri. Ikifika saa kumi na moja tumeshakaa chumbani kwa Msomali mmoja mwenye redio nzuri, kila mtu na nakala yake na penseli. Msomaji wa matokeo wa BBC alikuwa na sauti ya ajabu. Kabla hajataja mabao ya timu ya pili ulishajua: sauti ikipanda, mgeni ameshinda, ikishuka, mgeni amefungwa, ikibaki palepale, sare. Nilijua majina ya miji ambayo hadi leo sijaitia machoni: Forfar, Arbroath, Stenhousemuir, Cowdenbeath. Wakati wa kiangazi ligi zikifungwa, kuponi ilijazwa mechi za Australia, nasi tukacheza vilevile. Theluji ikizidi na mechi zikaahirishwa, jopo la wanasoka wa zamani lilikaa na kuamua kila mechi ingekwishaje.

Mwaka 1978 nilipata pointi 24. Nilitetemeka hadi penseli ikaanguka. Ila wiki ile sare zilikuwa nyingi mno, na redio ikatangaza kwamba mgawo utakuwa mdogo, kwa kuwa waliopata 24 ni wengi. Nikapokea pauni 186. Nikanunua cherehani ya Singer, ile ya mkono, baharia mmoja wa Lamu akaileta hadi Mombasa. Mke wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliamini ni pesa za ovataimu. Sikumwambia kinyume. Kwenye kuponi kulikuwa na kisanduku, ukitia X jina lako halitangazwi ukishinda. Nilitia X kila wiki, kwa sababu kamari ni haramu na maneno hayana bahari.

Mke wangu alifariki mwaka 2016. Mwaka uliofuata, Julai, Everton, timu ya mji uleule wa Liverpool, walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Nilitazama kwenye runinga na mjukuu wangu, akiwa mdogo bado. Rooney alipofunga lile bao la mbali kijana aliruka hadi akagonga meza. Siku ile ndipo nilipomsimulia pools kwa mara ya kwanza, na yule mama wa Alhamisi, na sauti ya redio, na pointi 24, na cherehani. Alipenda sana. Kila Jumamosi ikawa "Babu, nisimulie ya Liverpool." Baadaye aliniletea jezi ya Everton ya mitumba kutoka Kongowea, kifuani imeandikwa SportPesa. Ninayo mpaka leo.

Sasa ana miaka 23, anaendesha tuktuk ya mtu. Anabeti kwa simu. Anaita mkeka. Kwetu mkeka ulikuwa wa kumtandikia mgeni. Mwanzo alikuwa akija Jumamosi ananisomea mechi na kuniuliza, "Babu, sare ziko wapi hapa?" Nami, nakuambia kweli, nilifurahi. Nikavaa miwani nikamchagulia. Sikuona ubaya. Enzi zetu mtu alicheza kwa adabu, pauni moja kwa wiki, hakuna aliyefilisika.

Mwezi uliopita nimejua kwamba anadaiwa shilingi 46,000. Kati ya hizo 19,000 ni za mwenye tuktuk, pesa za kila siku ambazo alitakiwa kumpelekea akazibetia. 27,000 ni mikopo ya simu. Usiku halali, namsikia anatembea uani. Chakula anakigusa tu. Juzi akaja akakaa miguuni pangu, akaniambia, "Babu, tuiuze ile cherehani ya Bibi. Nikishinda nitakununulia mpya. Wewe si ulishinda?"

Binti yangu, mama yake, aliposikia alinigeukia mimi. Kasema mimi ndiye niliyempotosha mwanawe na hadithi zangu. Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia nilituma pauni 15 kila mwezi, sikukosa hata mwezi mmoja, na pools ilikuwa pauni moja tu kwa wiki. Akasema, "Baba, Mama alikuwa akishona sare za watoto wa watu mpaka usiku wa manane, kwa taa ya kandili, tupate karo. Ulidhani alipenda kushona?" Akatoka. Naona amenionea.

Nauliza mambo matatu. Nimlipie deni? Niiuze cherehani? Na hizi hadithi zangu, ninyamaze nazo? Jumamosi ndiyo siku pekee kijana huyu anakaa nami. Nikinyamaza sina kitu kingine cha kumvuta.

Babu wa Majengo

JIBU

Shikamoo Babu.

Nianze na yasiyoweza kungoja. Cherehani isiuzwe, kwa bei yoyote. Pesa usimpe kijana mkononi, hata akilia, kwa sababu mtu aliyefika hapo alipofika pesa mkononi anaiona dau. Zile 19,000 ni jasho la mtu: nenda naye kwa mwenye tuktuk, akiri mwenyewe kwa mdomo wake, mkubaliane alipe kidogo kidogo. Ukiwa na uwezo wa kusaidia, mpe yule mwenye tuktuk. Mikopo ya simu aiandike yote kwenye karatasi mbele yako: ya nani, kiasi gani, lini. Aombe pia akaunti zake za kubeti zifungwe; kampuni zenye leseni zina utaratibu wa mchezaji kujifungia nje, na afanye hivyo simu ikiwa mkononi mwake na wewe umekaa kando.

Kisha mwulize jambo moja mkiwa wawili. Umesema usiku halali, chakula anakigusa tu, anatembea uani. Mwulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kumwuliza hakutamtia wazo hilo kichwani, na vijana wengi huwa wanangoja mtu mmoja tu awaulize. Akisema ndiyo, asilale peke yake usiku huo, na mumpeleke hospitali. Befrienders Kenya nao wapo, wanasikiliza watu kwa simu.

Sasa nikujibu lile ulilouliza mwisho, maana naona ndilo lililokufanya uandike.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimeipenda ile sauti ya redio kuliko nilivyotaka. Baba yangu naye alikuwa na redio yake na Jumamosi yake, na ukiniambia sauti ikibaki palepale ni sare, naisikia. Sitakuambia ufute kumbukumbu hizo. Ulikuwa kijana mbali na kwenu, kwenye baridi, na saa moja kwa wiki chumba kile kilijaa watu waliokuwa wakingoja jambo moja. Hiyo ilikuwa kweli, na ni yako.

Lakini Babu, hesabu uliyoniandikia mwenyewe inasema jambo ambalo hadithi yako hailisemi. Pauni moja kwa wiki, wiki 52, kwa sababu hata kiangazi mlicheza Australia. Miaka 14. Hizo ni pauni 728. Ulishinda mara moja, pauni 186. Ukizitoa, zimebaki pauni 542 ambazo yule mama wa Alhamisi alizibeba begani mlango kwa mlango. Nyumbani ulituma 15 kwa mwezi. Katika mwezi huohuo kuponi ilichukua 4 na zaidi kidogo. Yaani kila ulipotia pauni 15 kwenye bahasha ya mkeo, zaidi ya robo ya kiasi hicho ilikwenda kutafuta sare.

Na sare ni neno lilelile, Babu. Wewe ulikuwa ukitafuta sare Liverpool, mkeo akishona sare Majengo. Binti yako hakukuonea. Alikuwa mtoto akimtazama mama yake ameinamia kandili, na amekaa na picha hiyo tangu hapo, wakati wewe ukisimulia cherehani kama zawadi. Ilikuwa zawadi. Ilikuwa pia ndiyo kazi iliyoziba pengo la pauni zako. Yote mawili yanakaa kwenye chombo kimoja, na kijana amesikia moja tu.

Umeniandikia kwamba enzi zenu hakuna aliyefilisika. Naelewa unachomaanisha, ila si hivyo. Mwaka 1961 mchimba makaa mmoja wa Castleford, Keith Nicholson, alishinda pauni 152,319 kwenye pools. Mkewe Viv aliwaambia waandishi wa habari kwamba atatumia, atatumia, atatumia. Miaka minne baadaye Keith alikufa kwa ajali ya gari, na Viv akaishia kutangazwa mufilisi. Hao ni walioshinda. Walioshindwa pauni moja moja kwa miaka 14 hakuna aliyewapiga picha, na wao wenyewe hawakujumlisha, kwa sababu pauni moja haiumi. Wewe umejumlisha leo nami.

Nitakusimulia na mimi ya Liverpool, umpelekee mjukuu wako. Mwaka 1923 kijana mmoja aitwaye John Moores na wenzake wawili walichapa kuponi 4,000 na kuwapa watoto wazigawe nje ya uwanja wa Old Trafford, Manchester. Zilirudi 35. Wakapeleka nyingine 10,000 kwenye mechi Hull. Ilirudi moja. Wenzake wakachoka, Moores akanunua hisa zao na kuendelea peke yake. Kampuni hiyo ndiyo Littlewoods, iliyokuja kumfanya tajiri mkubwa kabisa wa mji ule, akiajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake wa Liverpool, kufungua bahasha na kukagua kuponi. Mwaka 1960 akawa mwenyekiti wa Everton. Naam, Everton yako. Na jezi uliyoletewa kutoka Kongowea inatoka miaka ya 2017 hadi 2020, wakati jina la kampuni ya kubeti ya Kenya lilipokaa kifuani mwa timu hiyohiyo. Vua jezi uitandaze mbele ya kijana, umwulize: katika watu wote hawa, aliyetajirika ni nani, na je, alitajirika kwa kujaza kuponi?

Ukitaka kumwonyesha kwa tarakimu, chukua kuponi yenye mechi 54. Njia za kuchagua 8 humo ni 1,040,465,790. Mistari yako 165 ilikuwa tone ndani ya bahari hiyo. Kweli, sare zikiwa nyingi kuna njia nyingi za kupata 24, lakini umeshuhudia mwenyewe kinachotokea: zikiwa nyingi, wenye 24 ni wengi, mgawo unakuwa pauni 186. Mchezo ule uligawa pesa za wachezaji wenyewe, baada ya kampuni kuchukua chake na serikali kuchukua kodi yake, ambayo miaka yako ya mwisho huko ilizidi theluthi ya pesa yote. Mgawo mdogo ulikuwa humo ndani tangu Alhamisi.

Hata hivyo, katika jambo moja uko sahihi kabisa, na ningependa ulishike kwa nguvu mbele ya kijana. Enzi zenu mtu alilindwa, ingawa hakuna aliyekusudia kumlinda. Alhamisi ilikuwa moja. Ukishampa mkusanyaji kuponi, hata ungekuwa na hasira ya kupoteza, hata ungetaka kurudisha pesa yako usiku huohuo, hakuna mlango wa kugonga. Unangoja wiki. Wiki ni ndefu. Mshahara unaingia, kodi ya chumba inalipwa, hasira inapoa. Na yule mama alikujua. Ungempa pauni 20 badala ya moja angekutazama usoni.

Mjukuu wako hana Alhamisi. Ana simu iliyo na mechi saa zote, na mechi inayoendelea anaweza kuibetia bao kwa bao, na mechi za kweli zikiisha kuna zile za kompyuta zinazochezwa kwa dakika chache usiku wa manane. Pesa iko humohumo kwenye simu, ya mwenye tuktuk imelala pamoja na yake, haina alama ya kuitenga. Mkeka ukichanika saa tano usiku, saa tano na dakika tano ametandika mwingine, na simu ileile inamkopesha. Hakuna anayemwuliza habari za nyumbani. Kwa hiyo anapokuambia "wewe si ulicheza", mjibu kwamba mchezo wako ulikuwa na breki na wake hauna, na kwamba hata wenye breki ulikula robo ya nyumba.

Basi usinyamaze, Babu. Ukinyamaza, itabaki ile nusu ambayo ameshaisikia: redio, penseli, pointi 24, cherehani. Kijana atazeeka nayo. Msimulie nusu ya pili, na uisimulie kwa ufundi uleule, maana nimeona unavyoandika. Mwambie Jumamosi nyingine zilikuwaje, zile mia saba na zaidi ambazo hazikuwa 1978. Mlikuwa mkifanya nini mkishamaliza kusikiliza na hakuna aliyepata? Nani alikaa kimya? Kulikuwa na mtu chumbani humo aliyeacha kutuma pesa kwao? Mwambie ulivyojisikia ukiandika barua ya ovataimu. Hilo la ovataimu ndilo zito, najua, na labda hujawahi kulitamka kwa sauti hadi ulipomwambia kijana aliyekuchapia barua. Sikuulizi mimi kwa nini hukumwambia mkeo. Uliogopa. Lakini mjukuu wako naye sasa hivi anaogopa na anaficha, na hajui kwamba katika nyumba ile kuna mtu mmoja anayeijua hofu hiyo kwa ndani. Badala yake anamwona Babu aliyeshinda.

Na usimsimulie yeye kwanza. Mwite binti yako. Mwambie ulikosea kumjibu kwa ukali, umwonyeshe hesabu hii ya 728. Usiongeze "lakini nilituma kila mwezi". Ulituma, anajua. Mwache aseme ya kandili yote, mpaka amalize, hata ikichukua alasiri nzima. Kwa miaka yote hiyo ulitia X kwenye kile kisanduku, na aliyefichwa hakuwa jirani wala imamu, alikuwa mama yake. Ana haki ya kulisikia hilo kutoka kinywani mwako kabla halijageuzwa somo la kumfunza mwanawe.

Suala la haramu unalijua kuliko mimi, na toba yako ni kati yako na Mola wako. Ila naona mzee anayekiri mbele ya wanawe, akiwa na miaka 77, anamfungulia kijana mlango ambao mawaidha ya mtu msafi hayawezi kuufungua.

Umeniambia Jumamosi ndiyo siku pekee anakaa nawe, unaogopa ukikataa kumchagulia sare hatakuja. Hofu hiyo naiheshimu. Upweke wa mzee si jambo dogo, na ndio uliokuvalisha miwani siku ile. Lakini kumbuka alianza kuja kabla hajabeti. Mwaka 2017 alikuwa mtoto, alikuja kwa ajili ya Rooney na kwa ajili ya Forfar na Stenhousemuir. Tazameni mechi. Bishaneni. Mkitaka kutabiri, tabirini kwa penseli na karatasi, pasipo shilingi, mkusanye pointi zenu msimu mzima kwa ile hesabu ya zamani ya 3, 2, moja na nusu na 1. Ila msianze sasa. Subiri akaunti zifungwe na miezi kadhaa ipite, maana kwa aliyeungua kama yeye hata utabiri wa bure unaweza kumwasha. Kwa sasa mwombe akufundishe kitu kingine, au mtoe cherehani uani mkaitie mafuta. Singer za mkono hazifi kwa urahisi, na sidhani kama imewahi kumwona kijana huyo akiizungusha.

Jumamosi hii mechi nyingi za Uingereza zitaanza jioni kwa saa zetu. Una mchana mzima wa kuongea na binti yako kabla kijana hajafika. Ukishaongea naye niandikie, hata mistari miwili. Nataka kujua alisema nini.

Mwanao, Mshauri